Kiwiko Changu Kwenye Bluu ya Gudrun

Signe, uko wapi? Nimekwisha. Nimekwisha kabisa, shoga yangu.

Unamjua bosi wangu Gudrun, yule mchoraji: turubai nzima bluu tupu, na ukiiachia hata alama ya unywele anakufukuza kazi. Leo asubuhi kaipaka mkono wa mwisho, jioni ikatundikwa kwenye maonyesho rangi ikiwa bado mbichi.

Mimi nikarudi nyuma kumpisha mtu na glasi yake ya mvinyo. Kiwiko chote, Signe. CHOTE. Ndani ya bluu!

Na nani kasimama hapo? Esben! Yule mhakiki aliyeandika kwamba picha za Gudrun ni kuta zinazosubiri fanicha. Akaiinamia ile alama, machozi yanamlengalenga.

"Gudrun, hatimaye umekubali kwamba humu ndani kuna mtu!"

Gudrun akaitazama sweta yangu, kiwiko bluu. Nikajua kazi sina.

Akamgeukia Esben: "Bwana wee, imenichukua miaka mingi kuthubutu."

Kisha akanivuta pembeni, kwa sauti ya chini: "Mshenzi wewe. Kesho uje mapema. Ile picha nyekundu nayo haijakauka."