Taya la Nungunungu wa Kale

Komarock, Jumapili jioni

Dada yangu Nafula,

Hamjambo hapo nyumbani? Mama anakula vizuri sasa, au bado anasukuma sahani ukigeuka? Mimi ni mzima wa mwili. Haya yanayofuata usimsomee.

Unakumbuka ule mfupa niliokueleza nilipokuja kumuuguza? Taya la nungunungu wa kale, wa aina iliyokwisha duniani kabla watu hawajajua kulima, mkubwa kuliko hawa wanaokula mihogo yenu. Lilikuwa limeganda ndani ya jiwe, nami ndiye niliyeanza kulitoa kwa sindano, chembe kwa chembe. Kwetu kazini, kwenye makumbusho, aliyeanza mfupa ndiye anayeumaliza, na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye sanduku. Niliporudi nikakuta mkuu wetu amempa Betty, huyu ninayeishi naye chumba kimoja.

Basi kila jioni tukila ananisimulia. "Leo nimefika magego! Yamejikunjakunja kama utumbo wa mbuzi, uyaone!" Kana kwamba si mimi niliyeyaona kwanza. Natafuna ugali kama mke anayemsikiliza mwanamke mwingine akimsifu mumewe.

"Naliaka, umeninunia?"

"La."

"Wacha hizo. Ni wivu, sema tu."

Ijumaa aliniita mezani pake nione. Alikuwa amechovya brashi kwenye asetoni ili asafishe pembe ya taya. Pale pana ufa nilioujaza gundi kabla sijasafiri. Asetoni ingeiyeyusha na taya lingekatika. Yeye hakujua. Dada, niliitazama brashi ikishuka, nikataka livunjike, lisiwe la mtu yeyote.

Kisha nikamshika mkono. "Ondoka."

"Hiki ni kiti changu!"

"Najua."

Nilikaa, nikashika sindano, na sikuinuka hadi taya lote lilipolala kiganjani mwangu, jeusi, zito kuliko nilivyodhani. Mkuu akaja na kalamu, akauliza aandike jina la nani. Betty akawahi kujibu, "La sisi wawili."

Yakaandikwa majina mawili. Kila mtu anasema Betty ana moyo mzuri, na ni kweli. Hilo ndilo linalonichoma. Sikutaka nusu. Sasa hivi ananikaangia mayai huku akiimba, nami naandika barua hii badala ya kumwambia asante.

Mkande mama magoti kwa niaba yangu. Salamu kwa shemeji, na kwa shangazi aliyekuwa akituletea maziwa.

Mdogo wako akupendaye, asiyejua kugawana,

Naliaka