Jina la Mwenyeji

Bunda, mwezi wa Juni

Mpendwa mdogo wangu Wankyo,

Pokea salamu za kaka yako anayejikongoja. Magoti yamechoka, macho bado yanasoma. Mmeamkaje huko Butiama? Lilian alipona malaria?

Uliniuliza habari za kilima chetu, tulikohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Nilikwenda Musoma kwenye kikao cha kurudisha maeneo ya jadi. Ofisa, kijana mpole aitwaye Prosper, alifungua kitabu cha mzungu aliyepita kwetu enzi za mkoloni, akatusomea kwamba sisi si kabila. Tu watwana waliokimbia njaa, hatuna kilima wala asili, na babu yetu Mugeta alikiri hivyo kwa kinywa chake.

Nikasimama. Nikaeleza kwamba wakati wa njaa ile babu alipokelewa na jirani, na mgeni wa kwetu akiulizwa yeye ni nani hujibu kwa jina la mwenyeji wake, mpaka awashe tena moto wake. Ndiyo shukrani yetu. Mzungu alipomuuliza, babu akajibu hivyo, naye akaiandika shukrani hiyo kuwa ukoo. Prosper akanijibu kwa adabu kwamba kitabu hicho kinanizidi umri. Watu wakacheka, nusura nicheke nami.

Nikasema shahidi yupo. Kwa desturi hiyohiyo, mwenyeji ndiye anayemrudishia mgeni jina lake, akitamka mbele ya watu kwamba huyu ana kwao. Aliyempokea babu ni babu yake Magige, na Magige alikuwa ameketi mbele yangu. Unamjua, tulichunga naye, tukanywa maziwa kibuyu kimoja. Alipoulizwa, aliitazama kofia aliyoipakata, akasema, "Mimi sijui. Wazee walikuwaga na mambo mengi."

Kilima amepewa yeye. Makaburi ya baba na mama sasa yamo shambani mwake.

Mzungu nilikwishamsamehe, Wankyo, hakujua alichokisikia. Magige anajua. Tulipotoka alinishika mkono, akaniambia twende kwake tukale sato, maana safari yangu ni ndefu. Njaa ilikuwa inaniuma kweli. Nikamwambia, "Hapana, ndugu yangu. Nikila kwako, kesho wakiniuliza mimi ni nani, itanibidi nijibu kwa jina lako."

Nikarudi Bunda bila kula.

Nisalimie wajukuu wote. Wafundishe jina letu sasa, kabla hawajajua kusoma.

Kaka yako,
Yakobo, mjukuu wa Mugeta