Mafuta ya Exaucé

Mikelenge, Kindu

Yaya Fidélie,

Siye tuko wazima. Mvua imeanza na karanga zimeota vizuri. Bwana yangu Destin angali safarini na treni. Mutoto ananyonya, kilo zinaongezeka.

Unauliza kama nimepona. Kutapika kuliisha siku nilizaa. Lakini unakumbuka ulivyonikuta hopitali na seromu mukononi, natapika hata maji? Kitu kilichoniangusha zaidi kilikuwa harufu ya mafuta meusi ya mbegu za ngazi, zile za michikichi. Sasa mama mukwe anamupaka Exaucé mafuta yale yale kila asubuhi, mwili muzima mpaka kwenye nywele, sawa vile watoto wote wa hapa wanapakwa. Akinipatia mutoto nimunyonyeshe, ninageuza uso. Nilimuomba aache. Alinijibu: "Mutoto asiyepakwa anaonekana kama yatima. Siye tulizaa porini wakati wa vita, tukila majani, na hakuna aliyemupa mutoto wake mugongo."

Jana alienda misa. Nilimuosha Exaucé na sabuni, nikamusugua mpaka akalia sana. Harufu haikutoka. Nililia naye, kisha nikamulaza kwenye mukeka, mbali na mimi.

Yaya, kuja. Unisaidie kumukatalia huyu mama, hata kwa wiki moja tu, mutoto asipakwe kitu. Ninataka kujua kama ninachokataa ni mafuta, ao ni mutoto mwenyewe.

Mudogo wako,
Bitota