Sukari Waliyokuletea, Mama

Mpendwa Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na wewe unajua hasira zangu huanzia jikoni.

Unakumbuka siku daktari alipokuambia uache sukari? Tulirudi kwetu Shianda, miwa imesimama pande zote za barabara. Nikakununulia vidonge vya utamu, vile vya watu wa kisukari. Mandazi ya kwanza niliyoyapika navyo yalitoka meupe, magumu. Uliyageuzageuza, ukasema, "Haya yameonyeshwa moto tu." Tukacheka, ukayala. Polepole nikajifunza: chai iive, niiepue, ndipo kidonge kiingie. Siku moja ukashusha kikombe ukasema, "Hii sasa ni chai."

Kisha wageni wakaanza kuja kukuona, kila mmoja na paketi ya sukari, maana kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Kabati likajaa. Senje, dada yake Baba, alionja chai yako akakunja uso.

"Mke wa mkulima wa miwa anakunywa madawa? Chai bila sukari tunapeanga mtu mwenye hatumtaki."

Akafungua paketi yake, akakukorogea, kisha akatupia vidonge vyako viwili juu, eti viue sukari. Nilimweleza kwamba haviui chochote, vinashika tu nafasi yake. Ukanifinya mkono. "Wacha, mwanangu. Ni mgeni." Ukanywa.

Ulikunywa kwa ajili ya kila mgeni, Mama. Nalisema waziwazi, na wa kununa anune: walikuua kwa upendo wa kijinga, nawe ukawasaidia kwa adabu. Ukatoka kidonda mguuni, nacho kikakataa kupona. Na kwenye matanga yako, zile paketi za kabatini ndizo zilizotiwa kwenye chai ya waombolezaji. Wakasifu ilivyokolea. Mpaka leo hilo linanichoma.

Sasa Baba naye amepatikana na ugonjwa huohuo. Jana Senje alikuja kumwona, paketi mkononi. Nikamkaribisha kiti, nikampa chai ileile ya Baba, ya vidonge, akainywa yote. Kisha nikamrudishia paketi yake. Kwetu zawadi ya mgonjwa hairudishwi. Baba akaanza, "Wacha, ni mgeni," nami nikajifanya sisikii.

Senje ameondoka akitangaza hadi sokoni kwamba sina adabu. Ni kweli, Mama. Yako ilitutosha.

Pumzika. Nakwenda kuepua chai ya Baba.

Binti yako, mpishi wa mandazi meupe