Salamu ya Kifundo cha Mkono

Lizaboni, Songea

Mjukuu wangu Edita,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua. Mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike, na mahindi mwaka huu yamebeba.

Umeniuliza: mmetumwa chuoni mfuatilie bidhaa tangu shambani hadi inapotupwa, mjue imewatendea nini watu, sasa mwanzie wapi?

Mimi nilibangua korosho hapa hapa mtaani, miaka ile ya ruksa ya biashara, wanunuzi binafsi walipoanza kuzileta kutoka Nalasi. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Hayo tuyaache.

Siku moja tajiri wetu alikuja na mgeni wa kukagua mzigo. Mgeni alikuwa na adabu, akampa mkono kila mmoja wetu. Sote tukakunja viganja, tukampa kifundo cha mkono, kama unavyofanya ukiwa na mikono michafu. Akavishika vile vifundo, akatabasamu. "Poleni na kazi, akina mama."

Kisha akainamia korosho, akawa anazigeuza moja moja kutafuta doa. Hakuliona. Akasema, "Safi kabisa!"

Mama Osmunda, aliyekaa karibu yangu, akaninong'oneza, "Angegeuza na viganja."

Basi, mzigo mtaukagua, ndiyo kazi mliyopewa. Lakini anza kwa kusalimia watu. Ukipewa kifundo, usikiachie upesi. Omba uone kiganja.

Bibi yako anayekukumbuka,
Skola