Ufa Chini ya Rangi ya Bluu

Maelezo yaliyochukuliwa kituo cha polisi, Kasese, tarehe 25 Agosti 1969, saa nne asubuhi.
Jina: Stanislas Paluku. Umri: miaka 41. Kazi: fundi wa kulehemu na kunyoosha bodi za magari. Makazi: Kasese, nyuma ya soko. Mkimbizi kutoka Butembo.

Afande, andika vile ninasema, usipambe.

Mnamo tarehe 20 Agosti, Muhamood, mwenye malori, alileta lori lake gereji. Lilikuwa limegonga kiboko njia ya Hamukungu. Bodi si kitu, bodi nanyoosha. Lakini nililala chini nikaona chesi, mifupa yenyewe ya gari, imepasuka, kidole kinaingia. Nikatoboa matundu mawili, moja kila mwisho wa ufa, usiendelee. Nikamwambia, "Patron, hii imekufa. Inaomba bipande mbili ya chuma na siku ine."

Akanicheka. "Weka puti, paka rangi. Kesho mkaguzi anakuja, kesho kutwa napeleka mahindi ya Mubuku mpaka Bwera."

Nikakataa. Akasema, "We mkimbizi unanifundisha gari? Nitakurudisha kwenu." Eti kwenu! Huko nimezika kaka wawili. Puti, ule udongo laini wa kuziba mashimo, akapaka mwenyewe, na rangi ya bluu juu.

Tarehe 21, saa tatu asubuhi, mkaguzi akazunguka gari, akawasha taa, akagonga muhuri. Hakuinama hata kidogo. Shati lake lilikuwa jeupe, nadhani alilihurumia.

Kisha Kasim, dereva, akanishika mkono. "Fundi, asante, umeifanya mpya!" Muhamood alikuwa pale, amenikodolea macho. Nikamjibu Kasim, "Endesha pole."

Tarehe 22, saa tano asubuhi, kwenye mteremko kabla ya Bwera, lori lilikatika katikati. Magunia yalimfunika Kasim, akafa palepale.

Sasa Muhamood anatangaza kwamba nililehemu vibaya. Mushenzi huyo! Kwangua rangi, afande. Ukikuta alama moja ya moto wangu, nifunge.

Na hii pia andika. Nilipashwa kumwambia Kasim, ilikuwa juu yangu. Alikuwa amenishika mkono, na nilijua. Niliogopa kurudishwa, nikamwambia tu aendeshe pole.

Nimesomewa yote. Ni maneno yangu, sitoi hata moja.

(Sahihi) S. Paluku

Maandishi ya askari: Saa nane mchana nimekwangua rangi mbele ya shahidi Paluku na Muhamood. Matundu mawili yapo. Hakuna kulehemu, ni puti tupu. Shahidi ameomba maneno "Endesha pole" yapigiwe mstari. Nimepiga.
Koplo Apollo