Maili za Marehemu

Jumatatu, 8 Julai

Nimefungua kibanda saa moja. Baridi, vumbi, foleni ya malori imefika mpaka huku kwetu. Mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, kachukua mablanketi mawili, kanishukuru "natotela sana", kaondoka. Nimeyakunja yaliyobaki. Mikono inafanya kazi, kichwa kiko Muscat.

Sabina alipiga jana. Bosi wake amekubali kumwachia, kampa na pasipoti yake. Tiketi ajitafutie mwenyewe kabla ya tarehe 20. Ikipita hiyo anarudishwa kwa wakala, apelekwe nyumba nyingine miaka miwili. Hii ya kwanza tu imemvunja mkono, ukaunga vibaya. "Mama, nikirudi kwa wakala sitoki tena." Ana miaka ishirini na tatu. Hata baba yake hakumzika.

Tiketi siiwezi. Ugonjwa wa Baba Sabina ulikula duka lote, nimebaki na hiki kibanda.

Jumanne, 9 Julai

Nimepata! Kwenye begi la Baba Sabina kuna kadi ya shirika la ndege. Miaka kumi na moja alikuwa anakwenda Guangzhou kufuata mzigo, na kila safari walimwekea maili, pointi za kubadilisha na tiketi. Nilikuwa namcheka, namwambia anakusanya hewa. Neno la siri kaliandika nyuma ya daftari la mzigo. Mtu wa kusahau yule.

Nimeingia kwa simu. Maili zipo. Kwenda na kurudi hazitoshi. Zinatosha tiketi ya upande mmoja, Muscat mpaka Dar, na nafasi ipo tarehe 19. Upande mmoja ndio ninaoutaka. Arudi huko kufanya nini?

Ila wanatuma namba za kuthibitisha kwenye laini yake, na laini ilishafungwa. Kesho nitawapigia. Nitasema mimi ni mkewe, mwenyewe yuko safarini. Mungu anisamehe.

Jumatano, 10 Julai

Mimi ni mjinga. Mjinga kabisa.

Dada wa huduma kwa wateja, sauti ya upole, kaniuliza akaunti ni ya nani. Nikasema ni ya marehemu mume wangu. Limetoka lenyewe. Miezi minane sijamtaja bila kutanguliza marehemu, ukimtaja hivi hivi watu wanakushangaa. Yule dada kanipa pole, kaifunga akaunti. Pole yenyewe ilikuwa ya kweli, na ndiyo inayoniuma.

Sasa wanataka cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi, akubali kwa saini yake maili zimkatie Sabina tiketi.

Msimamizi ni shemeji Amoni, mdogo wa marehemu, yuko Chitete. Hatujasalimiana tangu mazishi. Ukoo ulitaka ndugu yao alale Chitete kwa baba zake. Lakini Baba Sabina aliniambia mwenyewe, kanishika mkono, tuko wawili tu wodini: nizike Tunduma, karibu na wewe. Nikasimama na neno lake. Wakaniita mwongo mbele ya jeneza.

Ijumaa, 12 Julai

Chitete. Barabara imenivunja mgongo. Shemeji kanipokea vizuri kuliko nilivyotegemea, kaniwekea na kiti. Kasema maili ni mali ya marehemu, peke yake hawezi kuamua. Kikao cha ukoo, Jumapili baada ya ibada. Nikamwambia siku zinakwisha.

Akanijibu, "Shemeji, hata kuzika ulikuwa na haraka."

Nitalala kwa wifi.

Jumapili, 14 Julai

Kikao. Baba mkubwa kauliza, "We Mama Sabina, hizo maili zinakaa wapi? Mbona sisi hatujaziona?" Mwingine kataka zigawanywe, kila mtoto wa ukoo apate kidogo. Siku nyingine ningecheka mpaka nilie.

Shemeji kawatuliza. Atasaini, lakini kwanza nitengeneze jambo moja. Nikiri mbele ya wote kwamba Baba Sabina hakuniambia kitu chochote kuhusu kaburi. Kwamba nilitunga. Na iandikwe kwenye muhtasari.

Niliomba nitoke kidogo. Nikasimama nyuma ya jiko. Nilimchukia Amoni. Nikamchukia na marehemu, kwa kuniambia peke yangu bila shahidi. Nikahesabu: leo 14, nafasi ni ya 19.

Nikarudi ndani nikapiga magoti. "Wazee wangu, nilidanganya. Nisameheni."

Wakapiga makofi taratibu, ya kupokea radhi. Shemeji akasaini. Mwandiko wake mzuri, unafanana na wa kaka yake.

Jumanne, 16 Julai

Barua nimezituma jana asubuhi. Kimya. Nimepiga mara saba. Kila mara mtu mwingine, kila mara naeleza upya kwamba mume wangu amekufa.

Sabina anauliza kama apange begi. Nimemwambia apange. Sijui nimemwambia kwa mamlaka gani.

Jumatano, 17 Julai

Saa tisa alasiri wamepiga. Nafasi ya tarehe 19 ilikuwa imebaki moja. Wamemkatia. Kodi ya tiketi nimeilipa kwa mablanketi, nimeyatoa kwa bei ya kutupa. Nimekaa chini kwenye vumbi la kibanda, wateja wananiangalia. Waangalie.

Ijumaa, 19 Julai

Amepita ukaguzi. Amepanda. Simu imezimwa.

Jumapili, 21 Julai

Amefika kwa basi asubuhi. Mwembamba. Kaoga ndoo mbili za maji ya moto, kavaa sweta la baba yake, kakaa karibu na jiko la mkaa. Nimempikia ugali na maharage. Anakula kwa mkono wa kushoto, wa kulia haukunjiki vizuri. Tumekwenda makaburini mchana, kapalilia kidogo, hakulia.

Tulivyorudi kaniambia baba yake mdogo alimpigia akiwa kwenye basi. Kamwambia ukoo umepatana, mama yako amekiri, usimlaumu. Kisha kaniuliza, taratibu tu, akiangalia sahani.

"Mama, kumbe baba hakusema azikwe hapa?"

Nikimwambia alisema, atajua nililipa nini ili apande ndege ile. Atatembea na jambo hilo maisha yake yote.

Nikamwambia hakusema.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Nikamwongezea maharage.